Msinisalimu Mpaka Nimalize

Nyumba yetu ya Kibokoni ina ngazi ishirini na moja kutoka mlangoni mpaka chumba cha mamangu. Ni ngazi za mawe, zimelika katikati kwa miguu ya waliotutangulia. Magoti ya mama yalipoanza kumkatalia, ngazi hizo ndizo zikawa zinamwamulia siku yake. Akishuka asubuhi hapandi mpaka usiku, na akipanda hashuki. Alikuwa mwalimu wa chuo, amesomesha Kurani nusu ya watoto wa mtaa, mtu wa kuingia kwa huyu na kutoka kwa yule. Sasa alikuwa akikaa dirishani kama mwanamke aliye edani, akiuliza nani amepita na nani hakupita.

Daktari akasema atembee majini. Mama akamtazama kama aliyeambiwa aruke ukuta. Lakini kisiwani pana shule yenye bwawa la kuogelea, na bwawa hilo lilikuwa na saa ya wanawake mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, saa nane mpaka saa tisa, jua limepamba moto. Saa hiyo wanaume wote hutolewa, na bawabu wa lango hukigeuza kiti chake kikaelekea barabarani. Nikampakia mama kwenye tuktuk, tukaenda.

Aliingia na suruali, dera juu yake, na leso kiunoni. Mimi nilidhani tutachekwa, kumbe wote wamevaa vivyo hivyo. Wenzetu wa zamani walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, nasi huku twayavalia nguo na twayaoga pia. Mama akashika kamba iliyofungwa ukutani, maji yakamfika kifuani, akainua mguu mmoja, akautua. Akainua wa pili.

"Ai!" akasema. "Haliumi."

Akatembea upana wa bwawa, akarudi, akaenda tena. Mara ya kumi akaanza kulia waziwazi, bila ya kujificha, na mimi nikalia naye. Tangu siku hiyo Jumatano na Jumamosi zikawa sikukuu zetu.

Mimi ni fundi wa cherehani, nina chumba changu cha kazi Makadara, na nina mdomo. Hilo nalisema mapema ili mtu asije akanitafutia upole. Kuogelea nilijua tangu utotoni, marehemu babangu alinifunza nyuma ya nyumba maji yakijaa, lakini nilijua kwa namna ya kutozama tu. Kichwa juu, shingo imekaza, macho mbele kana kwamba natafuta mtu niliyepotezana naye sokoni. Kwa wenzangu, waliokuwa hawaiachi kamba, mimi nilikuwa bingwa.

Basi mlinzi wetu wa bwawa, binti mmoja mwenye adabu, akaolewa, akahamia Lamu. Tulimpikia, tukamwimbia, hakuna aliyefikiri jambo jingine. Wiki iliyofuata msimamizi wa bwawa akatungojea langoni na uso wa mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Mabibi," akasema, "sheria haikubali watu waingie majini bila ya mlinzi mwenye cheti. Mlinzi wa kiume ninaye."

Tukamtazama.

"Basi," akasema, "kwa dhamana yangu nawapa mpaka muhula huu uishe. Asipopatikana mwanamke, saa hii nitawapa wanafunzi."

Mama alikuwa amesimama kando yangu, anatota jasho, ameshika mkono wangu. Nikausikia mkono wake ukinikaza. Sikusubiri mtu anitaje. Nikauliza mtihani una nini. Akaniambia: huduma ya kwanza, kumvuta mtu majini mpaka ukingoni, na kuogelea kilomita moja bila ya kupumzika, kwa dakika ishirini na tano. Kilomita ni mara arobaini kwa urefu wa bwawa lile. Jumamosi hiyo mwenzetu mmoja akanishikia saa. Nilitumia dakika thelathini na tatu, na nilipotoka nilijilaza sakafuni kama papa aliyevuliwa. Nilikuwa na miaka arobaini na minne.

Wa kunitahini alikuwa mwalimu wa kuogelea, mama wa Kigiriama, mtu wa Kaloleni, mwenye filimbi shingoni na maneno machache. Alikuja siku moja kunitazama tu. Nikaogelea saa nzima ili aone bidii yangu. Nilipotoka akanipa kitambaa nijifute.

"Dada, una saa mbili kwa wiki?"

"Saa mbili, na humo tuvae, tuvue, tusalimiane."

"Basi usizimalize kwa kuzunguka. Saa nzima wajizoeza kwenda pole, na mwili wajua kile unachoufunza. Nenda mara nne kwa mwendo unaoutaka siku ya mtihani. Pumzika ukutani, vuta pumzi ishirini. Kisha mara nne tena. Ukishindwa kushika mwendo huo, toka, nenda nyumbani. Na hicho kichwa, kishushe. Ukikiinua, miguu inazama, na wewe unaivuta kama gunia."

"Nikikishusha sioni mbele."

"Mbele pana ukuta tu. Haujahama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nilikasirika. Nani huyu wa kunipigia mithali zetu? Lakini Jumatano nikakishusha, nikatazama sakafu ya bwawa, vigae vya samawati na mstari mweusi, na miguu yangu ikapanda juu yenyewe. Nikacheka chini ya maji, nikanywa mafunda mawili.

Kwa kuwa maji yalikuwa machache, kazi nyingine nikaifanyia nchi kavu. Nilinunua mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukata, nikaufunga kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo juu ya dari. Kila baada ya alfajiri nikainama pale, nikauvuta kwa mkono huu na mkono huu, kiwiko juu, kama nivutavyo maji. Jirani wa dari ya pili akaniuliza nafua au napigana. Nikamwambia vyote viwili. Kisha nikazikagua nguo zangu za kuogelea kwa jicho la fundi. Suruali ilikuwa pana, mikono mipana, kila nikipiga mkono nabeba maji kama mchota maji wa kulipwa. Nikazishona upya kwa kitambaa kisichonyonya, nikabana kwenye vifundo vya miguu na vya mikono, sitara ikabaki palepale. Nikamshonea na mama suruali mpya kwa kipande cha zambarau kilichobaki, nikaizungushia ukingo mweupe.

Pumzi ndiyo iliyonitesa zaidi. Mwalimu alisema nitoe viputo, nikawa naona natoa, lakini kila nikifika mara ya kumi kifua chawaka moto. Jioni moja mama akaniita chumbani kwake.

"Mbona wahema kana mtu alofukuzwa? Nimekutizama. Waivuta pumzi kubwa, kisha waizuia, kisha waitoa yote wakati wa kuvuta nyingine. Watoto wangu wa chuo walifanya hivyo hivyo. Keti."

Akanifungulia msahafu, akanisomesha aya ndefu. Nilipokatikiwa na pumzi katikati akanipiga mkononi kwa kipepeo cha ukindu.

"Hapo hapana kituo. Rudi."

Nikarudi. Nikakatika tena. Rudi. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wazima, natokwa na jasho kitandani kwa mamangu kama mtoto wa miaka saba. Mpaka nikaelewa kwamba pumzi yatoka pamoja na neno, kidogo kidogo, na ukifika kwenye kituo huna haja ya kuvuta nyingi. Jumamosi nikaipeleka majini. Mikono mitatu nikitoa pumzi, kituo, mikono mitatu, kituo. Siku hiyo nilifika kwa dakika ishirini na saba na nusu.

Na hapo nikakwama. Jumatano ishirini na saba na nusu, Jumamosi ishirini na saba na robo. Wiki tatu zimebaki. Nilikuwa nashona kanzu za watu nikiwa na hasira, nikimkemea kila aliyekuja kuuliza iko tayari. Usingizi ulinipaa. Mama nilimkuta siku moja anajaribu kushuka ngazi peke yake, kwa makalio, ngazi moja moja, anajizoeza. Nilipomuuliza akasema alitaka kuona kama yawezekana.

Mwalimu akaja na saa yake akakaa ukingoni muda wote. Nilipomaliza akaniuliza, "Ukuta wa kina kirefu wageuka mara moja, sekunde moja tu. Ukuta huu wa kina kifupi, sekunde nane, tisa. Huku wafanya nini?"

Nikashangaa. Kisha nikajua.

"Najibu salamu," nikasema.

Upande ule ndiko mama alikotembea na kamba yake, pamoja na wanawake wote wasiojua kuogelea. Kila nikigusa ukuta alikuwa pale.

"Wafika salama?"

"Salama, mama."

"Hujachoka?"

"Sijachoka."

"Haya, Mwenyezi Mungu akupe nguvu."

"Amin."

Na huyu wa pembeni, masalkheri mwenzangu, na yule aliyechelewa kuja, asalaam alaykum, nami wa alaykum salaam, watoto hawajambo? Mara ishirini katika kilomita moja. Wala sikuwa najua. Kwetu mtu hupita barazani mara tano kwa siku na husalimu mara tano, na asiyejibu salamu hujadiliwa mpaka kwenye arusi za watu. Mwalimu alipiga hesabu kwa kidole hewani, akaniambia karibu dakika tatu zangu zapotelea pale.

Siku hiyo hiyo nikawakusanya wote. Nilikuwa nimechoka, nimeingiwa na hofu, na sauti yangu ikatoka kali. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Kuanzia leo msinisalimu. Msiniite, msinisemeshe, hata kuwe na nini, mpaka nimalize."

Wakaitikia wote. Mama peke yake ndiye aliyeng'aka. "Mtu akupite asikwambie neno, ni mtu huyo?" Alininunia siku mbili, chai akaniachia mezani ikapoa. Siku ya tatu akaniambia, bila ya kunitazama, "Haya. Ntanyamaza." Na mamangu akisema atafanya jambo, hulifanya. Jumatano ile niligusa ukuta wake mara ishirini, sikusikia hata pumzi. Dakika ishirini na tano na sekunde kumi na mbili.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Huduma ya kwanza na kumvuta mtu nilivimaliza asubuhi. Saa nane ilipofika wanawake walikuja wote, hata wale wa kuja mara moja kwa mwezi, wakakaa ukingoni miguu majini, kimya, kama watu walio hitimani. Mama akakataa kukaa. "Na mimi hini ni saa yangu," akasema, akashika kamba yake, akaanza kutembea. Mwalimu akasimama mwisho wa kina kirefu na saa mkononi, akapuliza filimbi.

Mara kumi za kwanza nilikwenda vizuri. Mara ya ishirini bega la kushoto likaanza kunung'unika, nikakumbuka mpira wangu wa baiskeli, nikainua kiwiko. Mikono mitatu, kituo. Chini nilikuwa naona mstari mweusi, na kila nikikaribia ukuta wa kina kifupi naona suruali ya zambarau yenye ukingo mweupe ikitembea, hatua, hatua. Ilinipa moyo. Nilisema kimoyomoyo, tembea mama, na mimi natembea.

Mara ya thelathini na nne ile suruali ilikuwa haitembei. Mguu mmoja umesimama, wa pili umekunjwa, vidole tu ndivyo vinavyogusa sakafu. Niliona. Nasema kweli kwa kuwa sina faida ya uongo: niliona. Nikajiambia amepumzika. Nikageuka, nikaenda. Mara ya thelathini na sita palikuwa na miguu ya watu wengine wawili karibu naye. Nikajiambia wamekuja kumpa kampani. Mara ya thelathini na nane miguu yake miwili ilikuwa inaelea na imeshikwa. Nikajiambia zimebaki mbili tu. Hakuna aliyeniita. Nilinyoosha mkono, nikausukuma ukuta kwa nguvu zangu zote, nikaenda na kurudi.

Nilipogusa mara ya mwisho nikasikia vigelegele. Mwalimu alikuwa anakimbia ukingoni, saa juu. "Ishirini na nne na arobaini!" Nikavua miwani ya maji. Vigelegele vilikuwa vya upande mmoja tu. Upande wa pili wanawake wawili walikuwa wamemwinua mama mpaka kwenye ngazi za bwawa, uso wake umekuwa wa majivu, anakohoa maji, na kidole chake cha shahada kilikuwa bado kiko mdomoni. Alikuwa anawanyamazisha.

Goti lilimkamata wakati wa kugeuka. Akaiachia kamba, akaenda chini mara moja, maji ya kifuani tu lakini yatosha. Wenzetu wakamdaka. Mmoja alitaka kupiga kelele, mama akamziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Nilibwata. Sikumbuki yote niliyosema, na mengine si ya kuandikwa. "Mbona hamkuniita? Nyinyi ni watu gani? Mama, mbona hukuniita?"

"N'ngekwita ungesimama," akasema.

"Na nyinyi je?"

Yule aliyemshika kwapa alikuwa analia. "Ulitukataza," akasema. "Na yeye akatukataza. Tungefanyaje?"

Mwalimu wa Kaloleni alipiga magoti, akamkagua mama kifua, akamgeuza ubavu, akamngojea mpaka pumzi ikakaa sawa. Kisha akaandika ile nambari kwenye karatasi yake. "Umefaulu," akaniambia. "Lakini ningeona ningepuliza filimbi. Macho yangu yalikuwa kwenye saa." Nikataka kumwambia kwamba yake yalikuwa kwenye saa, yangu yalikuwa wapi? Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote.

Saa ya wanawake ikabaki. Mama alikaa chumbani wiki tatu, goti limevimba, na mimi nikakaa kwenye kile kiti kirefu cha mlinzi, filimbi shingoni, nikilinda watu wasio mamangu. Mwiko wangu kitini wote wanaujua: sijibu salamu kwa mdomo, nainua mkono, na macho hayatoki majini. Na nimewaambia, nimewarudia mpaka wamechoka, kwamba mtu yeyote apige kelele kwa jambo lolote. Wengine hunicheka kwamba nimekuwa mwoga. Ni kweli, nimekuwa mwoga.

Mama aliporudi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ambayo mwalimu huja kukagua na hunikalia kitini nusu saa nipate kuogelea. Nikaingia. Nikashusha kichwa, mikono mitatu, kituo, na nilipokaribia ukuta nikaiona suruali ya zambarau. Ilikuwa inatembea vizuri kabisa. Nikasimama.

"Mbona wasimama?" mama akauliza. "Wapoteza muda wako."

"Asalaam alaykum, mama."

"Wa alaykum salaam. Haya, nenda."

Sikwenda. Nilikuwa nimeshika ukuta, maji yananitoka usoni, na yalikuwa si ya bwawa peke yake. Nikamwambia, "Siku ile nilikuona. Niliuona mguu wako, nikapita."

Hakushtuka. Alikunja ile leso yake iliyolowa, akaikaza kiunoni, kama afanyavyo kabla ya kumsahihisha mwanafunzi.

"Najua," akasema. "Mkono wako mmoja ulisita. Kisha ukenda. Nami nikasema alhamdulillahi, amekwenda." Akanifuta maji usoni kwa kiganja, kwa nguvu, kama nilipokuwa mdogo. "Siku ile ilikuwa ya kwenda. Sasa cheti unacho. Ukinipita, simama."

Siku hizi kilomita yangu ni dakika ishirini na nane, mara nyengine ishirini na tisa. Mwalimu huitazama saa yake, hutazama kule kwenye ukuta wa kina kifupi, na haniulizi kitu.